Bidoni Zote Ziko Sawa

Kwa furaha isiyo na kipimo, Ofisi ya Uchumi wa Mzunguko wa Plastiki za Chakula, tawi la Maniema ya Kusini, inawatangazia wananchi wote wa Kasongo na Kabambare, pamoja na wale wa Lusangi, Wamaza na Salamabila ambao tangazo hili litawafikia pikipiki ikipona njiani, kwamba kuanzia sasa plastiki inazunguka.

Zamani ilikuwa inatembea tu.

Mimi ndimi Ayoubu, Raporta wa Ofisi. Kila neno rasmi mlilosikia mwaka huu kuhusu bidoni, yaani madumu ya plastiki, limepitia kwenye kalamu yangu, isipokuwa matusi, ambayo yalipitia sokoni. Nimeombwa nieleze mafanikio yetu kwa sababu kuna watu wasiojua kushukuru, wanasema eti tuliaibika. Tuliaibika wapi? Kaeni niwaeleze, kisha mtajihukumia wenyewe.

Kabla ya Ofisi, bidoni ya Kasongo ilijiishia ovyo. Ilifika mpya, ya njano, na mafuta ya kiwandani ndani yake. Yakiisha, mama mmoja anaiosha anatia mawese. Ikichakaa, inakwenda kuteka maji. Ikizeeka, Ismaël wa kona ya soko anaitia petroli ya kuuzia wenye pikipiki, au inafungwa nyuma ya pikipiki hadi Salamabila kubeba ile dawa ya wachimba dhahabu ambayo hata nzi anaikwepa. Ikipasuka, inayeyushwa na kuzibia tundu la beseni la kufulia. Hakuna kilichotupwa, hilo tunalikubali. Lakini angalieni vizuri: bidoni inashuka tu. Kutoka jikoni kwenda petroli, ndiyo. Kutoka petroli kurudi jikoni, hata siku moja.

Mratibu wetu, Papa Marcellin, aliliona kosa hilo kabla hajashuka kwenye pikipiki. Alikuwa anatoka Kindu, kwenye semina ya uchumi wa mzunguko, na alirudi na begi, kofia, na maarifa.

"Ayoubu," akaniambia huku akijipangusa vumbi, "kitu kinachokwenda bila kurudi si mzunguko. Ni ukimbizi."

Nikaandika. Maneno kama hayo hayadondoki kila siku hapa Kasongo.

Tukatafuta ni nini kinachozuia bidoni kurudi, tukakuta ni kovu. Kwetu, siku bidoni inapotiwa petroli au dawa ya mgodini kwa mara ya kwanza, mwenyewe anaweka kisu motoni, anakibandika chini ya mkono wa bidoni mpaka plastiki inalia. Linabaki kovu. Na mtu yeyote, kabla ya kumimina mafuta, anapitisha kwanza kidole gumba chini ya mkono. Kikikwama kwenye kovu, bidoni inarudishwa chini. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Wakristo wanaifuata, Waislamu wanaifuata, na walevi wanaifuata, jambo ambalo sheria zetu za Ofisi hazijawahi kulipata.

Mratibu aliposikia, alikasirika sana.

"Huu ni ubaguzi!" akasema. "Bidoni imekosa mara moja, inachomwa, inahukumiwa maisha! Tuko nchi gani?"

Siku ile ile tukatoa Amri. Kifungu cha kwanza: bidoni zote ziko sawa mbele ya sheria. Kifungu cha pili: ni marufuku kuchoma kovu, kugusa kovu, au kutafuta kovu kwa kidole. Kifungu cha tatu: bidoni za petroli na za mgodini zitakusanywa, zitarekebishwa, na zitarudi jikoni zikiwa na heshima yao yote. Kazi ya kuzirekebisha alipewa Naibu Hervé, kijana msomi, mrefu, asiyeogopa kitu ila mke wa Mratibu.

Hervé alizipanga bidoni kwenye uwanja wa mpira. Makovu yalikwanguliwa kwa vipande vya chupa mpaka mikono ya bidoni ikawa laini. Bidoni zikaoshwa kwa mchanga, kwa Omo, na kwa malimau. Kisha kila moja ikapigwa muhuri mkubwa wa buluu: SAFI. Kazi safi kabisa. Kweli harufu ilibaki, na mbuzi waliozoea kulala uwanjani walihama kwa hiari yao, lakini mbuzi hawakualikwa kutoa maoni.

"Shefu, zinanuka bado," Hervé alisema siku ya kwanza, kwa heshima.

"Harufu si ushahidi," Mratibu akamjibu. "Ushahidi ni muhuri."

Na kwa kuwa kiongozi anatangulia mbele ya watu wake, Papa Marcellin aliamuru vyombo vyote vya plastiki vya nyumbani kwake vipigwe muhuri pia. Bidoni za maji, za mafuta, ndoo, mabeseni, hata kikombe cha kuogea. Vyombo vyake havikuwahi kuiona petroli hata kwa mbali, lakini mfano ni mfano. Tulipofika na wino, mke wake, Mama Rosine, alisimama mlangoni amekunja mikono.

"Mupige huo muhuri wenu," akasema. "Lakini mukigusa sufuria yangu, mutanijua miye ni nani."

Hatukuigusa. Na tangu siku hiyo Mama Rosine akawa anamletea mume wake chakula cha mchana ofisini kimefungwa kwa majani, bugali kwenye jani lake na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, kwenye jani lake, kamba ya mgomba juu. Nilimwuliza Mratibu kwa nini hatumii vyombo vya Ofisi. Akaniambia wanawake wanapenda mila, na mtu mwenye busara hashindani na mila akiwa na njaa. Hilo sikuliandika.

Sasa tuje kwa huyo Mama Léocadie, maana bila yeye mambo yangekwenda vizuri.

Mama Léocadie anauza mawese. Kinu chake kiko Lusangi, meza yake iko soko la Kasongo, na mafuta yake yanajulikana: mekundu, mazito, hayana maji. Kwenye jiko la maternite, wodi ya wanaojifungua, wanapika sombe ya wazazi kwa mafuta yake, kwa sababu mama aliyejifungua lazima ale sombe yenye mawese ya kweli ili maziwa yatoke. Wiki hiyo, kati ya wazazi hao, alikuwemo Laura, binti yake wa mwisho, na katoto kake kadogo kama ngumi. Laura alikuwa amejifungua kwa shida. Maziwa yalikuwa hayajatoka vizuri, na mama yake alikuwa amekamua mafuta mapya kwa ajili yake na kwa wenzake wa vitanda vya pembeni.

Tulimkuta sokoni, mimi, Mratibu na Hervé, tukiwa tumevaa jile zetu, vile vizibao vyenye muhuri mgongoni. Hervé akamwekea mbele bidoni iliyorekebishwa.

"Mama," Mratibu akasema, "kuanzia leo mafuta yote ya kuliwa yanatiwa humu. Ni mzunguko."

Mama Léocadie akaichukua bidoni. Akanusa. Akairudisha chini taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa jirani aliyejikojolea.

"Shefu, hii bidoni ilikuwa ya Ismaël. Ya petroli."

"Ilikuwa. Sasa iko na muhuri."

"Muhuri njo unakunywa petroli?"

Watu wakacheka. Ismaël mwenyewe, kwenye kona yake, akaitikia kwa sauti: "Ni yangu, Mama! Ninaijua kwa ule mubonyeo wa tumboni. Nilikuwa nimeichoma vizuri!"

"Mama, weye unajua kusoma?" Mratibu akauliza. "Imeandikwa SAFI."

"Miye najua kunusa."

"Harufu si ushahidi."

"Shefu," Mama Léocadie akasema, na sasa hakuwa akitania tena, "haya mafuta yanakwenda kwa wazazi. Mutoto wangu iko kule. Iko na katoto kanakonyonya. Kile mama anakula, katoto njo kanakunywa. Miye sitatia mafuta ya wazazi mu bidoni ya petroli, hata munifunge."

Niseme ukweli, sauti yake ilinigusa roho. Lakini roho haina sahihi kwenye Amri. Mratibu akamwagiza Hervé, na Hervé, akiangalia pembeni, akayakamata mafuta yote ya Mama Léocadie. Tukayamimina humo humo sokoni, kutoka bidoni zake safi zisizo na muhuri, kuingia bidoni chafu zenye muhuri, ili yawe halali. Mama Léocadie alisimama anaangalia. Hakupiga kelele. Machozi yalimtoka tu, akayaacha yatoke, na wanawake wa meza za jirani wakaacha kupima karanga.

"Usilie, Mama," Mratibu akamwambia. "Hatuibi. Mafuta yako yatakwenda kule kule maternite, kwa wazazi, kama zawadi ya Ofisi. Jumamosi, kwenye uzinduzi, mbele ya Mgeni wa Heshima."

Mnaona? Tulikuwa na nia njema hadi mwisho.

Jumamosi ikafika. Tulifunga maturubai mbele ya Ofisi, tukapanga viti, tukaweka meza. Juu ya meza, katikati, iliketi bidoni moja ya mawese yenye utepe shingoni. Nyingine zilipangwa chini zikisubiri kupelekwa maternite baada ya hotuba. Mgeni wa Heshima alikuwa ametoka Kindu, mtu mnene mwenye miwani, amechoka na barabara. Wanawake wa soko walikuja wote. Wenye pikipiki nao walikuja, kwa sababu ilisemekana kuna soda. Mbele ya Mratibu kulikuwa na kifurushi chake cha majani, kwa maana saa za chakula zilikuwa zinakaribia na Mama Rosine hakosei saa.

Mratibu alihutubia. Aliongea juu ya dunia, bahari, samaki wa baharini wanaokula plastiki, jambo lililowasikitisha sana watu wa Kasongo ambao bahari hawajaiona. Kisha akaweka mkono juu ya bidoni yenye utepe.

"Leo," akasema, "plastiki iliyotupwa nje ya jamii inarudi mezani. Ofisi inawapa wazazi wetu zawadi!"

Tukapiga makofi, sisi wa Ofisi.

Hapo Mama Léocadie akasimama. Alikuwa na sahani ya bati, na kwenye sahani bugali ya moto na sombe iliyopikwa kavu, bila mafuta. Akaja mbele taratibu, akapiga goti kidogo kwa Mgeni wa Heshima, akaweka sahani mezani na kijiko pembeni.

"Shefu, asanti kwa zawadi," akasema. "Sisi mama wa wazazi tumekuja kuipokea. Lakini kwetu, mwenye kutoa anaonja kwanza."

Ninyi mnaosoma mbali huko, nieleweni vizuri. Kwetu mtu hakupi pombe, maji, wala mboga bila kuonja kwanza mbele ya macho yako. Ndugu na ndugu wanafanya hivyo, mkwe na mkwe wanafanya hivyo. Si kwamba watu wanashukiana. Wanashukiana, lakini kwa adabu. Mtu anayekupa kitu na kukataa kuonja, ameshakuambia yaliyomo.

Mratibu akaitazama ile sahani.

"Bila shaka," Mratibu akasema. "Bila shaka kabisa. Ofisi inaheshimu mila." Akageuka. "Naibu Hervé, onja."

Hervé akarudi nyuma hatua moja. "Shefu, miye nimefunga."

"Umefunga nini?" Ismaël akauliza kutoka nyuma. "Weye ni Mukatolika!"

"Ramadhani."

"Ramadhani iliisha zamani!"

"Ninalipa," Hervé akasema, jasho linamtoka.

"Unalipa! Ulikula siku za nani?" Wenye pikipiki wakaangua kicheko, na mzee Alimasi, mwadhini wetu, akaficha uso kwenye kanzu yake kwa kucheka.

Mratibu akamgeukia Mgeni wa Heshima kwa tabasamu la kumwomba. Mgeni akavua miwani, akaipangusa muda mrefu, akaeleza kwamba serikali imegatua mamlaka, kwamba yeye ni ngazi ya jimbo, na kwamba kuonja, kwa asili yake, ni kazi ya ngazi ya chini. Asingependa kuingilia. Kisha akauliza kama soda yake imefunguliwa au bado imefungwa.

Mratibu akaniangalia mimi. Ninakiri nilikuwa naandika wakati ule, na mtu anayeandika ripoti ya taifa hawezi kushika kijiko. Karatasi zingepata mafuta. Nilimweleza hivyo kwa macho tu, na nadhani alinielewa, kwa sababu alinitukana kwa macho pia.

"Basi fungua chakula chako, Shefu," Mama Léocadie akasema kwa upole, akionyesha kile kifurushi. "Tumimine kidogo juu yake. Majani ni mazuri, yanapokea vizuri."

Hapo watu wote wakakiangalia kifurushi. Walikuwa wanakiona kila siku kikipita mkononi mwa Mama Rosine, lakini nadhani siku ile ndiyo waliyokiona kweli. Mama mmoja akasema: "Kumbe bibi yake anamufungia mu majani!" Mwingine akaitikia: "Sisi petroli, yeye majani!" Na Mama Rosine, aliyekuwa amekaa kwenye mstari wa mbele na kitenge chake kipya, akaangalia mbele tu kama mtu aliye kanisani.

Mratibu akaona hakuna mlango mwingine. Ni mwanaume, hilo sikatai. Akafungua majani, akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti: "Ofisi haina cha kuficha!" Akaunyoosha mkono wa kulia kuichukua bidoni ili amimine.

Na kidole gumba chake kikapita chini ya mkono wa bidoni.

Hakujua. Naapa hakujua. Ni mtoto wa Kasongo, mama yake alimfundisha hivyo kabla ya kumfundisha sala. Kidole kilipita, kikarudi, kikapita tena, kikitafuta kovu ambalo sisi wenyewe tulikuwa tumelikwangua. Kifungu cha pili cha Amri yake kilikuwa kinavunjwa mbele ya Mgeni wa Heshima, na aliyekuwa anakivunja ni aliyekitia sahihi.

Aliposhtuka na kuuangalia mkono wake, watu wote walikuwa wanauangalia tayari.

"Iko wapi, Shefu?" Mama Léocadie akauliza polepole. "Kovu njo unatafuta? Muliliweka wapi?"

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijawahi kuvisikia hata kwenye harusi. Mratibu akaishusha bidoni. Akafunga majani yake. Mgeni wa Heshima akakumbuka kwamba barabara ya Kindu ni mbaya na inafaa kuiwahi. Soda hazikugawiwa, nasikitika kusema, na hilo ndilo wenye pikipiki wanalolilaumu mpaka leo.

Mafuta ya Mama Léocadie yaliharibika yote. Hayakufaa hata sabuni. Ismaël aliyachukua kupaka kwenye minyororo ya pikipiki, na hata yeye alikunja pua. Jasho la msimu mzima lilipotea, na hakuna kifungu kinachomrudishia. Lakini wanawake wa soko walipitisha kibakuli cha udongo kutoka meza hadi meza, kila mmoja akatia kidogo kutoka bidoni yake safi, wakakipeleka maternite mchana huo huo. Laura alikula sombe nyekundu. Maziwa yalitoka. Katoto kamepewa jina Rosine, sijui kwa nini, na Mratibu hapendi tuulize.

Sasa mtasema Ofisi ilishindwa. Polepole! Nilisema kaeni niwaeleze.

Kwa kuwa kuchoma kovu kulikuwa bado marufuku, na watu wetu ni watii, wanawake walitafuta alama nyingine ya kutambua bidoni ya sumu. Wakaiona ipo tayari, kubwa, ya buluu, inaonekana kutoka mbali. Leo, kuanzia Kasongo hadi Kabambare, kutoka Lusangi hadi Wamaza, kila mtu anajua: bidoni yenye muhuri wetu ni ya petroli. Wachimbaji wa Salamabila wameagiza muhuri zaidi, wanasema ni mzuri sana kwa dawa yao. Petroli na chakula havikutani tena hata kwa bahati mbaya. Semina zote za Kindu hazijawahi kupata matokeo kama hayo, na nimeyaandika hivyo kwenye ripoti, kwa wino mzito.

Lipo tatizo moja dogo ambalo bado tunalifanyia kazi.

Juzi Mratibu alikuja sokoni yeye mwenyewe, na bidoni mkononi, kwa sababu Mama Rosine alimwambia mafuta yameisha nyumbani na yeye hana nguvu ya kubeba aibu ya watu. Akasimama mbele ya meza ya Mama Léocadie, ambaye alikuwa amekamua mapya. Mekundu, mazito. Mratibu akasalimia vizuri, akaulizia mjukuu, akaweka bidoni mezani.

Mama Léocadie akaiangalia. SAFI, ya buluu, ubavuni.

"Siwezi, Shefu. Iko na muhuri."

"Mama, hii ni ya kwangu, ya nyumbani! Haijawahi kuona petroli!"

"Iko na muhuri, Shefu."

"Zote za kwangu ziko na muhuri!"

"Pole sana."

Mratibu akafungua kifuniko, akaisogeza bidoni mpaka karibu na uso wa Mama Léocadie, na nilikuwa pale, nilisikia kwa masikio yangu.

"Basi nusa, Mama. Nakuomba. Nusa tu."

Mama Léocadie akajifuta mikono kwenye kitenge, akaigeukia foleni iliyokuwa nyuma ya Mratibu.

"Harufu si ushahidi, Shefu," akasema. "Mwingine!"